Kuichangia wodi ya watoto njiti Kigoma: hafla ya usiku mmoja au mchango wa kila mwezi?

Siku ya Watoto Njiti Duniani, tarehe 17 Novemba, ikikaribia, mjadala uleule hurudi kwenye makundi ya WhatsApp ya hapa Kigoma: mwaka huu tuichangie wodi kwa njia gani? Mmoja anataka hafla ukumbini, yenye mgeni rasmi na MC. Mwingine anataka matembezi ya hisani kutoka Ujiji hadi mjini. Wa tatu anasema tuchange elfu mbili mbili kwenye simu. Ndugu aliyeko Ulaya anaahidi kutuma vifaa. Kila njia inaleta kitu, lakini haileti kile ambacho nyingine ingeleta, na kamati nyingi huchagua njia kabla ya kujua wodi imepungukiwa nini.

Msimamo wangu nauweka wazi mapema. Kwa kikundi cha watu wa kawaida hapa mwisho wa reli, mchango mdogo unaoingia kila mwezi unaifaa wodi kuliko hafla. Hafla ina nafasi yake, tena nafasi muhimu, ila ni pale ambapo kuna mashine moja inayojulikana jina, bei na fundi wake. Nitaeleza kwa nini.

Pesa ya wodi inakwenda wapi

Mtoto njiti ni yule aliyezaliwa kabla ya wiki 37 za ujauzito kutimia. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba mwaka 2020 pekee walizaliwa watoto njiti wapatao milioni 13.4 duniani, na matatizo ya kuzaliwa kabla ya wakati ndiyo yanayoongoza kuua watoto wa chini ya miaka mitano. Wanapotea kwa baridi, kwa mapafu ambayo hayajakomaa, kwa maambukizi, kwa sukari kushuka, kwa kushindwa kunyonya. Kila tatizo lina kifaa chake, na vifaa vingi kati ya hivyo ni vidogo na vinakwisha.

Mchukue mtoto mwenye gramu 1,200 siku yake ya kwanza. Akianzishiwa mililita 60 za maziwa kwa kila kilo, kwa siku nzima anapata mililita 72. Akilishwa kila baada ya saa mbili, kila mlo ni mililita sita, yaani kijiko cha chai kimoja na matone kidogo. Hawezi kuyanyonya. Muuguzi anapitisha mpira mwembamba puani au mdomoni hadi tumboni, anaubandika kwa plasta, anachomeka bomba la sindano lililotolewa kisukumio chake, anamimina maziwa ambayo mama ameyakamua kwenye kikombe, analiinua bomba juu kidogo na kuyaacha yashuke yenyewe. Hiyo ni mara kumi na mbili kwa siku, kwa mtoto mmoja. Hesabu mipira, mabomba, plasta, vijiti vya kupimia sukari, glavu, dawa ya kusafishia mikono. Hakuna hata kimoja kinachopendeza kwenye picha ya makabidhiano, na kikikosekana kimoja kazi inasimama.

Halafu zipo mashine. Ya CPAP, ile ya kumsaidia mtoto kupumua, inapeleka hewa yenye msukumo mdogo puani mwake ili vifuko vya mapafu visijikunje anapotoa pumzi. Upande wa pili bomba linazama kwenye chupa ya maji, na kina cha maji, sentimita tano au sita hivi, ndicho kinachopanga nguvu ya msukumo. Muuguzi akiona mapovu yanachemka kwenye chupa anajua hewa inapita. Mashine hii inaokoa maisha kwelikweli. Ila inataka oksijeni, umeme, mirija ya pua inayolingana na saizi ya mtoto, na mtu aliyefunzwa.

Inataka pia kipimo cha oksijeni ya damu, kile cha kufunga mguuni au mkononi, na hapa naomba kamati zisome taratibu. Oksijeni ikizidi kwa mtoto njiti inaweza kuharibu retina ya jicho akapofuka. Ndiyo maana wahudumu hujitahidi kiwango cha oksijeni kwenye damu yake kiwe kati ya asilimia 90 na 95 muda wote anapopewa oksijeni. Kikundi kinachonunua mashine ya kutengeneza oksijeni bila vipimo hivyo kimenunua nusu ya msaada, na nusu iliyobaki ni hatari.

Fungu la tatu husahaulika kuliko yote: mama mwenyewe. Kumlaza mtoto kifuani pa mama, ngozi kwa ngozi, akafungwa kwa kitenge, ni njia iliyoanzia Bogotá, Kolombia, mwaka 1978, na inaitwa kangaruu. Zamani ilionekana ni ya kujaziliza pale inkubeta, yale masanduku ya kumpa mtoto joto, zilipopungua. Leo mambo yamebadilika. Utafiti uliochapishwa mwaka 2021, uliofanyika Ghana, India, Malawi, Nigeria na hapa Tanzania kwa watoto wa kuanzia kilo 1 hadi chini kidogo ya kilo 1.8, ulionyesha kwamba kuanza kangaruu mara tu baada ya kuzaliwa, bila kusubiri mtoto atulie kwanza, kulipunguza vifo kwa robo. Mwaka uliofuata Shirika la Afya Duniani likaelekeza kangaruu ianze mapema iwezekanavyo na ifanyike kwa muda wa saa 8 hadi 24 kwa siku, isipokuwa kwa mtoto aliye mahututi.

Maana yake kwa mchangishaji ni kwamba kitanda cha mama ndani ya wodi ni kifaa tiba. Kiti cha kuegemea ni kifaa tiba. Na chakula cha mama pia, kwa sababu mama asiyekula hatoi maziwa. Wa Mwanga au Gungu, hapahapa mjini, ataletewa ugali na migebuka na wifi yake. Aliyetoka Kagunga au vijiji vya kusini mwa ziwa kwa boti, akakaa wiki nne akimsubiri mtoto aongezeke uzito, nani anamletea?

Hafla yenye mgeni rasmi

Uzuri wake ni kasi. Usiku mmoja unaweza kutoa pesa ya mashine nzima, na mfanyabiashara mkubwa ambaye hawezi kukumbuka kutuma elfu mbili kila mwezi atasimama mbele ya watu na kutoa milioni. Ujuzi wenyewe tunao tayari: kamati, kadi, mweka hazina, mnada wa keki na kuku, kila mtu aliyewahi kuchangia harusi anaujua.

Ubaya wake ni mitatu, na wa kwanza ni ahadi. MC anasoma jumla kubwa, ukumbi unashangilia, kumbe pesa taslimu iliyoko kwenye bahasha ni ndogo na inayobaki ni majina kwenye daftari. Kufuatilia ahadi ni kazi ya miezi, na inagombanisha watu. Wa pili ni gharama: ukumbi, muziki, chakula, fulana. Kamati ikikosa mfadhili wa gharama hizo, sehemu nzuri ya mchango inaliwa hukohuko. Wa tatu ndio unaoniumiza zaidi. Hafla inataka kitu cha kuonyesha, kwa hiyo inavuta pesa kwenye kitu kikubwa kinachong'aa. Inkubeta inafungwa utepe, picha zinapigwa, na wiki ya pili wodi inatafuta mipira ya kulishia.

Ukiamua hafla, iwe ya kitu kimoja kilichotajwa na hospitali kwa maandishi, pamoja na vipuri vyake vya mwaka mmoja na stabilaiza ya umeme. Kigoma imeishi miaka mingi kwa jenereta za dizeli na kila mwenye friji hapa mjini anajua umeme unaoruka unafanya nini. Waambieni wageni toka kwenye kadi kwamba siku hiyo jumla itakayotangazwa ni ya pesa iliyoingia tu, na ahadi zitasomwa kando.

Mchango wa kila mwezi

Watu 150 wakitoa shilingi 2,000 kila mwezi ni 300,000. Kwa mwaka ni 3,600,000. Kwenye karatasi inaonekana ndogo mbele ya hafla, na ndiyo sababu kamati huidharau. Lakini pesa hii inaingia Februari, inaingia Juni, inaingia mwezi ambao hakuna mtu anayeikumbuka wodi. Ndiyo inayolingana na vitu vinavyokwisha: mipira, vijiti vya sukari, sabuni, nepi, uji na maharage ya akina mama. Muuguzi kiongozi wa wodi akijua kwamba kila tarehe fulani boksi litafika, anapanga.

Udhaifu wake ni uchovu. Miezi mitatu ya kwanza watu wanachangamka, mwezi wa nne wanaanza kukumbushwa, mwezi wa saba kundi limenyamaza. Msipange matumizi kwa watu wote 150. Pangeni kwa theluthi mbili yao, yaani 200,000 kwa mwezi, na kinachozidi kiwekwe akiba ya dharura. Kinachowarudisha watu ni taarifa fupi ya kila mwezi: tulipokea kiasi hiki, tukanunua hivi na hivi, risiti hizi hapa, hati ya kupokelea yenye mhuri hii hapa. Hotuba ndefu za kuwaonea huruma watoto zinachosha. Risiti haimchoshi mtu.

Kalenda ya pesa ya Kigoma nayo ina lake. Watumishi wa serikali na walimu wanachangika mshahara ukitoka. Mwalo wa Kibirizi unafuata mwezi wa angani: dagaa huvuliwa kwa taa usiku wa giza, mbalamwezi ikikomaa mitumbwi inapumzika na mfuko wa mvuvi, wa mchuuzi na wa mama anayeanika dagaa unapumzika nao. Mwaka 2024 ziwa zima lilifungwa kwa uvuvi kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti. Kamati inayotegemea mwalo peke yake ingekaa kavu miezi mitatu. Changanyeni: mwalo, sokoni, maofisini, na vijana wetu walioko Dar na Mwanza. Kumbusho la Kibirizi litumwe kwenye giza.

Kuhusu pesa kupita kwenye simu, msitumie namba binafsi ya mtu, hata awe mwadilifu vipi. Siku akiugua au akipoteza laini, pesa na jina lake vyote viko mashakani. Tumieni mfuko wa kikundi kama M-Koba, ambao kutoa pesa kunahitaji idhini ya zaidi ya mtu mmoja, au akaunti ya benki yenye watia saini watatu. Makato ya kutuma yaelezwe mapema, kwa sababu anayetuma elfu mbili akaona mia kadhaa zimekatwa juu yake ataona anaonewa. Wengine huamua kutuma mara moja kwa miezi mitatu ili kupunguza makato, na ni sawa kabisa.

Matembezi ya hisani

Yanaleta watu kuliko pesa. Yanafaa kwa kuandikisha wachangiaji wa kila mwezi na kwa kumwambia kila mtu barabarani kwamba mtoto wa gramu 1,000 anaweza kuishi, jambo ambalo wazee wetu wengi bado hawaliamini. Kama tarehe ni 17 Novemba, kumbukeni ni msimu wa mvua. Anzeni alfajiri. Fulana za zambarau, rangi ya siku hiyo, ziuzwe kwa faida. Zikigawiwa bure zinaikausha kamati.

Misikiti na makanisa

Hii ndiyo njia yenye gharama ndogo kuliko zote, na mahali kama Ujiji tangazo la baada ya swala ya Ijumaa linafika nyumba nyingi kuliko bango lolote. Kinachotolewa kinatolewa palepale, hakuna ahadi za kufuatilia. Ubaya ni kwamba nyumba ya ibada ina mahitaji yake na haiwezi kuwaachia nafasi kila mwezi, hivyo ombeni mara moja au mbili kwa mwaka. Sadaka ya kawaida haina shida. Zaka ina masharti yake, kwa hiyo mwulizeni sheikh kabla ya kuiandika kwenye tangazo. Wanawake wa vikundi vya parokia na wa madrasa ni wa kuombwa kwa lile fungu la chakula: wanajua kupika kwa wengi, na zamu ya kupeleka uji wodini wanaiweza bila semina.

Vifaa kutoka nje

Moyo wa ndugu walioko nje ni mzuri na sitaki kuuvunja. Lakini utafiti uliochapishwa mwaka 2011, uliokusanya hesabu za vifaa tiba katika nchi zenye rasilimali chache, ulikuta karibu asilimia 40 havifanyi kazi. Sababu zinajulikana: hakuna vipuri, hakuna aliyefunzwa, umeme haulingani. Kifaa cha Marekani kinachotaka volti 110 kikichomekwa kwenye 230 ya hapa kinaungua siku hiyohiyo. Kuna mashine zinazotumia mirija ya kampuni moja tu. Ikiisha, mashine inageuka kabati. Ongeza bandari, forodha, Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba, na safari ya zaidi ya kilomita 1,200 kutoka Dar es Salaam.

Kwa hiyo nampendekezea ndugu wa Ulaya atume pesa, na kifaa kinunuliwe nchini kwa muuzaji ambaye ana fundi. Akishikilia kutuma kifaa, kwanza akipige picha kibandiko cha nyuma ya mashine, ile sehemu yenye modeli na volti, na fundi wa vifaa tiba wa hospitali aione kabla haijapakiwa.

Kitu kimoja hakipokelewi kwa njia yoyote: maziwa ya kopo na chupa za kunyonyeshea. Kanuni ya kimataifa ya mwaka 1981, pamoja na maazimio yaliyoifuata, inakataza kuyagawa kama msaada hospitalini. Mtoto njiti ni wa maziwa ya mama kuliko mtoto mwingine yeyote, na daktari ndiye anayeamua pale yanapokosekana.

Wafadhili wakubwa nao tusiwakatae, ila tujue wanakaa kwa muda. Kuanzia mwaka 2006 mkoa huu ulipata mradi mrefu wa afya ya uzazi kwa fedha za Bloomberg Philanthropies, na vituo vya afya vya vijijini vikawezeshwa kufanya upasuaji wa kujifungua. Miradi ya namna hiyo inajenga na kufundisha kwa kiwango ambacho kamati ya mtaa haiwezi. Siku ya kukabidhi ikifika, sabuni ya kesho ni ya kwetu.

Pesa taslimu au vitu?

Hata baada ya kuchagua njia ya kuchangisha, swali hili linabaki. Pesa kwa hospitali ya serikali, Maweni ya hapa Kigoma ikiwemo, hulipwa kwa kumbukumbu namba ya malipo, ile tunayoiita kontroo namba, na inaingia kwenye mfumo ulio na ukaguzi. Ni njia safi. Ila andikeni barua inayosema pesa hii ni ya wodi gani na ya kitu gani, vinginevyo itaingia kwenye mahitaji ya jumla ya hospitali, ambayo nayo ni ya kweli. Kununua vitu wenyewe kunawapa wachangiaji risiti ya kuona kwa macho, lakini ni lazima mnunue kwa orodha iliyosainiwa na wodi, saizi kwa saizi. Mpira wa kulishia mtoto mkubwa haumfai mtoto wa kilo moja. Kwa vitu vidogo vya kila mwezi nachagua vitu. Kwa mashine, nachagua hospitali inunue yenyewe kwa pesa yetu, ili dhamana na matengenezo viwe mikononi mwa mwenye mashine.

Picha nazo zinahusika. Wachangiaji watataka kuona watoto. Tangu Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na hata kabla yake kwa ubinadamu tu, mtoto na mama aliyelala wodini si wa kurushwa kwenye makundi. Pigeni picha ya boksi, ya hati, ya mikono inayopokea.

Ningechagua hivi

Kama ninyi ni kikundi kipya cha watu chini ya hamsini, msianze na hafla. Anzeni na chakula cha akina mama kupitia kanisa au msikiti, na kapu moja la vitu vidogo kwa mwezi. Miezi sita ya risiti safi itawapa jina.

Kama ni wahitimu wa shule, wafanyakazi wa ofisi moja au chama cha wafanyabiashara wenye watu mia na zaidi, mchango wa kila mwezi ndio wenu, na matembezi ya Novemba yawe siku ya kuandikisha wapya.

Kama tayari mna watu wazito, na hospitali imewapa barua inayotaja mashine moja, fanyeni hafla, mara moja, kisha rudini kwenye mchango wa mwezi ili mashine hiyo isikose mirija.

Kwa yeyote kati yenu, hatua za mwanzo ni zilezile. Ombeni kuonana na mganga mfawidhi, na katika kikao hicho awepo muuguzi kiongozi wa wodi ya watoto wachanga na fundi wa vifaa tiba. Ulizeni mambo matatu: nini kiliisha mwezi uliopita kabla ya kuagizwa kingine, mashine ipi imesimama na kwa sababu ya kipuri gani, na akina mama wangapi usiku huu hawana kitanda. Majibu yaandikwe na yasainiwe. Nendeni na barua hiyo ofisi ya mkuu wa wilaya kwa ajili ya kibali, maana kuchangisha hadharani bila kibali kunaweza kuwaharibia hata nia njema. Kibali kikishatoka ndipo mfungue kundi la WhatsApp, na ujumbe wa kwanza mtakaouweka humo uwe ile orodha ya wodi, ukurasa mzima, kama ilivyoandikwa na muuguzi.